MWAKA MMOJA KATIKA KIWANDA CHA SABUNI

Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana wa mafunzo ya ufundi, wazazi wao na wafanyakazi wa mashirika, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Kamati imeniomba nieleze habari za staji niliyofanya nilipokuwa mwanafunzi Bujumbura, mwaka mzima, katika kiwanda cha sabuni. Nimepewa nusu saa. Watu wa Bwiza hatusifiki kwa kusema machache, lakini nitajitahidi.

Neno staji tumelitoa katika Kifaransa. Ndugu zetu wa Tanzania husema mafunzo kwa vitendo. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anatoka darasani, anakwenda mahali pa kazi ya kweli, anakaa na wafanyakazi na kufanya wanachofanya, kisha anarudi shuleni na ripoti. Ujerumani kijana wa ufundi hugawa juma lake kati ya shule na kiwanda kwa miaka miwili mpaka mitatu na nusu. Uingereza wako wanafunzi wa vyuo vikuu ambao hutoa mwaka mzima katikati ya masomo yao kwenda kiwandani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho hupeleka wanafunzi wake wa uhandisi kazini wakati wa likizo ndefu. Kwetu Burundi, wengi tuliosoma ufundi tulipata staji ya majuma machache au miezi michache. Mimi nilibahatika kupata mwaka, tangu Septemba 2013 mpaka Agosti 2014, kwa sababu shule yangu ilikuwa imepatana hivyo na kiwanda. Shule hiyo sitaitaja jina, wala kiwanda, maana si yote nitakayosema ni ya sifa.

Kwanza niwaeleze kidogo mahali penyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajafika. Bwiza ni mtaa wa Bujumbura uliopakana na Buyenzi, karibu na katikati ya mji. Kiswahili chetu kimetiwa Kirundi, Kifaransa na Kilingala kama pilau inavyotiwa viungo, na mwalimu wa Kiswahili kutoka Tanzania akitusikia hushika kichwa. Wageni wanaijua Bwiza kwa muziki na mishikaki ya usiku. Sikatai. Lakini saa kumi na mbili za asubuhi Bwiza ni mtaa wa watu wanaokwenda kazini kwa miguu: wachuuzi wanaoelekea soko la Jabe, mafundi wanaovuka kwenda gereji za Buyenzi, vibarua wa bandari na wa viwanda. Mimi nilijiunga na msafara huo.

Bujumbura haikuwa na viwanda vingi, na kila kimoja kilijulikana kwa jina. Brarudi, kiwanda cha bia na soda, kilianza mwaka 1955. COTEBU, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilisokota na kufuma pamba iliyolimwa katika bonde la Imbo. Wazee wa mtaani kwetu walikizungumzia kama mtu anavyozungumzia ndugu aliyesafiri, maana nilipokuwa mwanafunzi kilikuwa kimekwisha fungwa na kampuni ya Afritextile imeingia katika majengo yake. Viwanda vya sabuni navyo vinategemea mawese, na mawese yetu hutoka Rumonge, kusini, kwenye ufuko wa Tanganyika. Hesabuni basi: viwanda ni vichache, shule za ufundi zinatoa vijana kila mwaka, na kila kijana anatafuta mlango. Mwenzangu mmoja alipeleka barua sehemu tisa na hakujibiwa hata na moja.

Nyumbani kwetu hali ilikuwa ngumu. Mama yangu aliuza vitambaa katika soko kuu la Bujumbura, na soko hilo liliungua tarehe 27 Januari 2013. Mtaji wote uliishia mle ndani. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya mwaka mzima bila mshahara, swali la baba lilikuwa moja tu: utakula nini huko? Wanawake wa avenyu yetu waliokuwa wakichangiana pesa kila juma ndio walioninunulia viatu vya kazi. Nayasema haya kwa sababu mashirika hupenda kuuliza kwa nini vijana wanaacha mafunzo katikati. Mara nyingi jibu ni viatu, au sahani ya mchana.

Miezi miwili ya kwanza nilishika ufagio. Nilifagia, nilibeba magunia ya chumvi, nilipanga makatoni. Nilikuwa nimesoma kemia miaka mitatu, mlinganyo wa sabuni niliuandika ubaoni mara nyingi hata naweza kuuota, na hapa nilikuwa nafagia. Wenzangu wawili waliona wamedharauliwa wakaondoka. Mimi leo nasema ufagio ule ulikuwa na faida yake, ingawa miezi miwili ilizidi. Majuma mawili yangetosha. Mwenye kufagia hupita kila mahali. Nilijua bomba gani linavuja, nani anafika mapema, mashine gani huanza kulia kabla haijaharibika, gari la mawese linashusha saa ngapi na nani anahesabu mapipa.

Mwezi wa tatu nilihamishiwa kwenye masufuria. Msifikirie sufuria ya nyumbani. Ni tangi la chuma lenye kimo cha nyumba, unapanda ngazi ndipo uone ndani. Mawese yanayeyushwa kwa mvuke wa boila na kupunguzwa rangi, kisha yanaingizwa tangini. Soda kali, ile inayoitwa kostiki, imekwisha kuyeyushwa katika maji pembeni, nayo inaingizwa kidogo kidogo huku mvuke ukichemsha na kukoroga. Mafuta na soda vinapokutana vinageuka kuwa vitu viwili: sabuni na gliserini. Uji unakuwa mzito, unapanda, unatoa mapovu, na ukizembea utamwagika ukutani. Baadaye hutiwa chumvi. Sabuni haipendi maji ya chumvi, kwa hiyo inajikusanya na kupanda juu, na maji yenye chumvi, gliserini na soda iliyobaki yanatulia chini na kufunguliwa yatoke. Sabuni inaoshwa tena, inaachwa itulie, inakaushwa, inasukumwa katika mashine inayoitoa kama fimbo ndefu, inakatwa na kupigwa muhuri. Kazi ya tangi moja huchukua siku kadhaa.

Mwenye tangi alikuwa mzee mmoja mwenye asili ya Uvira, mkazi wa Buyenzi, aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Tulimwita Mzee tu, naye aliniita bwana mdogo. Hakusoma zaidi ya shule ya msingi. Alikuwa na mwiko mrefu wa chuma. Aliuchovya, akauinua, akauinamisha, akatazama jinsi sabuni inavyoteleza. Ikishikamana na mwiko kama gundi, chumvi bado. Ikiteleza kwa vipande vipande, na maji safi yakajitenga chini yake, chumvi imetosha. Hapo alisema “basi” na kufunga valvu. Mimi nilikimbia maabara na chupa yangu kupima kama kuna soda iliyobaki, kwa matone yale yanayogeuka rangi ya waridi penye soda. Mara nyingi nilirudi na jibu lile lile alilokwisha kulisema, nikiwa nimechelewa dakika ishirini.

Lakini si kila mara. Siku moja yalikuja mawese yaliyokaa njiani muda mrefu, yameingiwa na maji, yamechacha. Kwa macho yalionekana mazuri. Maabara iliona tofauti kabla ya mwiko. Mzee alikasirika kidogo, kisha akasema, “Bwana mdogo, leo kachupa kako kamenishinda.” Tangu siku ile alinieleza sababu za mambo, maana kabla yake alikuwa ananiamuru tu. Nami niliacha kumwona kama mtu wa zamani. Kiwanda kilimhitaji yeye na kiliihitaji ile chupa. Kwa kumfundisha mwanafunzi Mzee hakulipwa hata senti moja, wala saa zake hazikupunguzwa. Hilo ni kosa la staji nyingi, na nitalirudia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Kwa nini mwaka? Kwa nini si miezi miwili au mitatu, kama kozi zetu nyingi za hapa kambini?

Mwaka una masika na kiangazi. Wakati wa mvua barabara ya Rumonge huharibika, magari huchelewa, mawese hufika yamechacha, na sabuni ya mawese yaliyochacha huwa na harufu na rangi mbaya. Wakati wa kiangazi maji ya mabwawa ya umeme hupungua, umeme unakatika, pampu zinasimama. Sabuni iliyomo ndani ya bomba hupoa na kuganda kama jiwe. Usiku mmoja wa mwezi Julai tulikaa hadi alfajiri tukiyapasha mabomba moto kwa mvuke, futi kwa futi. Aliyekuja kufanya staji Novemba na Desemba alirudi shuleni na ripoti nzuri sana, yenye michoro, akiamini kwamba bomba la sabuni haligandi.

Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa ilinyesha Bujumbura. Mafuriko na matope yaliangusha nyumba katika mitaa ya kaskazini, Kamenge, Kinama, Buterere na jirani zake, na watu zaidi ya 60 walikufa. Asubuhi yake nusu ya zamu yetu haikufika. Wengine walikuwa wanachimbua vitu vyao katika tope, wengine wanazika. Tangi lilikuwa limejaa, limeanza kuchemka, na haliwezi kuachwa hivyo. Mzee aligawa kazi kwa waliokuwapo, pamoja na wanafunzi. Siku hiyo nilikuwa na mwezi wa sita, nilijua valvu zote. Kama ningekuwa na majuma matatu ningekuwa mzigo kwake. Jioni kiwanda kilitoa makatoni ya sabuni kwa familia za wafanyakazi waliopatwa na mafuriko. Hilo nalisema kwa sifa.

Na sasa yasiyo ya sifa. Mwezi wa saba wafanyakazi wawili wa mashine ya kukatia waliacha kazi. Hawakuajiriwa wengine. Tuliwekwa sisi wanafunzi, zamu kamili ya saa nane, bila mshahara, kwa miezi mitatu. Tulifurahi mwanzoni, tukajiona watu wazima. Lakini katika ile miezi mitatu sikujifunza kitu kipya baada ya siku ya nne. Mwanafunzi anayejaza nafasi ya mfanyakazi anamnyima mtu mwingine mkate, na yeye mwenyewe anakosa somo.

La pili ni zito zaidi. Mwanafunzi mwenzangu, wa shule nyingine, aliamriwa na msimamizi afungue mfuko wa kostiki na kuyeyusha, bila miwani wala glovu, kwa sababu glovu zilikuwa kabatini na mwenye ufunguo hakuwapo. Maji ya soda yaliruka usoni. Bomba la maji lilikuwa mbali. Mzee ndiye aliyembeba na kumweka chini ya maji kwa muda mrefu, akimshika kope kwa nguvu. Jicho likapona, kovu la shavuni lilibaki. Ilipokuja gharama ya matibabu, ofisi ilijibu kwamba mwanafunzi hamo katika orodha ya wafanyakazi. Shule yake ikajibu kwamba ajali ilitokea kiwandani. Baba yake, mwendesha baiskeli ya mizigo, ndiye aliyelipa.

Vijana, mkipelekwa mahali popote kufanya mazoezi ya kazi, ulizeni kabla ya siku ya kwanza: nikiumia nani anatibu? Liandikwe. Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, msiudhike mkiulizwa.

Wasichana tulikuwa nao wanne mwaka ule. Wote waliwekwa kufunga sabuni katika karatasi. Hakuna aliyewakataza kwenda kwenye boila. Hakuna tu aliyewapeleka. Mmoja wao, mtoto wa Kinama, alikwenda mwenyewe kwa Mzee akamwambia anataka kujua tangi. Mzee alicheka, akampa mwiko. Mwisho wa mwaka alikuwa anasema “basi” kwa uhakika kuliko mimi. Nikiangalia hapa kambini orodha za mafunzo, cherehani ni za wasichana na jenereta ni za wavulana, nami namkumbuka yule.

Nizungumzie karatasi. Shule ilitupa kijitabu cha staji. Kila siku uliandika ulichofanya, mistari mitatu au minne, na kila Jumamosi msimamizi alitia sahihi. Tulikichukia kijitabu kile. Mwisho wa mwaka kiwanda kilitakiwa kutoa cheti, na cheti changu nilikifuata ofisini majuma matano, leo karani hayupo, kesho muhuri umefungiwa. Nilikipata. Mei 2015, baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 13, familia yetu iliondoka kwa barabara ya ziwa, Rumonge, Nyanza-Lac, mpaka Kagunga upande wa Tanzania. Cheti na kijitabu vilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni tumboni mwangu.

Waliopita Kagunga wanajua. Maelfu ya watu kwenye ukanda mwembamba wa mchanga kati ya mlima na maji, tukisubiri meli ya Liemba itupeleke Kigoma. Kipindupindu kiliingia, wakafa watu wapatao 30. Niliona mama akinawisha mtoto kwa mchanga. Mimi nilikuwa nimetoka katika kiwanda kinachotoa sabuni kwa tani, na pale sikuwa na kipande. Hapo ndipo nilipofahamu nilichokuwa nikikitengeneza mwaka mzima.

Hapa kambini karatasi zangu hazikunisaidia upesi. Zilikuwa za Kifaransa, na afisa aliyezipokea alisoma Kiingereza na Kiswahili. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, lakini mihuri yetu bado haijajifunza lugha za majirani. Mwalimu mmoja wa kambi alinitafsiria kijitabu chote, kurasa kwa kurasa. Ajabu ni kwamba kijitabu ndicho kilichosomwa. Cheti kilisema “amefanya staji kwa kuridhisha,” maneno ambayo huandikiwa kila mtu. Kijitabu kilisema siku fulani alipima soda, siku fulani alifungua bomba lililoganda. Kwa kijitabu hicho nikachukuliwa kazi ya kuhamasisha usafi, kwa posho, na baadaye nikaombwa kusaidia vikundi vya sabuni.

Hapa naomba dakika tano za mambo ya mikono, maana wapo wanavikundi na nimeona ya kunitia hofu.

Viwango vinavyofuatwa na mashirika katika misaada vinataja gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za kufulia kwa mtu mmoja kwa mwezi. Familia ya watu sita ni kilo 2 na gramu 700. Mnajua wenyewe ni miezi mingapi mgawo unafika hapo. Kwa hiyo vikundi vya sabuni vina kazi ya kweli, si vya kupitisha muda. Lakini kostiki haisamehe.

Msipime kostiki kwa kikombe. Iko ya vipande vyembamba na iko ya punje. Kikombe cha moja si uzito wa kikombe cha nyingine. Pimeni kwa mizani. Kilo moja ya mawese inahitaji kostiki safi gramu 141 hivi ili mafuta yote yageuke. Tunapunguza kidogo, gramu 134, ili yabaki mafuta kuliko kubaki soda, na maji gramu 300. Kostiki hutiwa ndani ya maji. Kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki, yatachemka na kuruka. Msitumie masufuria ya alumini, haya tuliyogawiwa: kostiki hula alumini na kutoa hewa inayoweza kushika moto. Tumieni ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma. Mfuko wa kostiki ukiachwa wazi hunyonya unyevu na kupoteza nguvu, basi fungeni vizuri, tena mbali na watoto. Kwa mtoto inafanana na chumvi au sukari. Sabuni iliyotengenezwa bila kuchemshwa iachwe majuma manne hadi sita ndipo iuzwe. Nimeona inayouzwa siku ya tatu, na nimeona mikono ya waliofulia. Mtu akirukiwa, maji mengi, papo hapo, kwa muda mrefu. Siyo siki, siyo ndimu, siyo mafuta. Halafu zahanati.

Haya yote hayazidi ukurasa mmoja, na kozi ya siku tano inaweza kuyafundisha. Tena imekwisha kuyafundisha, mara tatu, hapa hapa. Lakini mwenye kozi ya siku tano hajawahi kukutana na mawese yaliyochacha wala mfuko wa kostiki uliolala. Akikutana navyo peke yake, anaongeza kwa kukisia. Ndiyo sababu vikundi viwili kati ya vilivyoanza vilivunjika mara msimu ulipobadilika.

Naelewa hesabu za wahisani. Bajeti huja kwa mwaka, ripoti huuliza watu wangapi wamefaidika, na vijana 200 waliopata kozi ya miezi mitatu wanaonekana wengi kuliko 12 waliokaa mwaka. Nimezungumza na wafanyakazi kadhaa wa mashirika, na baadhi yao wanakubaliana nami wakiwa nje ya ofisi. Wengine wananiambia: huyu kijana unayempa mwaka anaweza kurudi nyumbani mwezi wa tano, au kuhamishiwa nchi nyingine. Ni kweli. Basi aondoke na kijitabu chenye miezi mitano iliyotiwa sahihi. Miezi mitano iliyoandikwa siku kwa siku ni mali.

Wengine wanasema: kiwanda kiko wapi hapa? Hatuwezi kutoka bila kibali, na huko nje ajira hata wenyeji hazijawatosha. Ni kweli pia. Lakini tazameni. Hapa kuna pampu za maji zinazofanya kazi usiku na mchana. Kuna jenereta ya hospitali. Kuna maabara inayopima malaria. Kuna karakana ya magari, ghala za chakula zenye vitabu vya hesabu, mashine za kusaga. Zote zina masika na kiangazi chake. Kila mahali pale yupo mtu mmoja ambaye ni kama yule Mzee, anayejua kwa sikio kwamba pampu itaharibika kesho, na siku atakayeondoka ataondoka nalo.

Ombi langu kwa kamati na mashirika ni dogo. Tuanze na vijana 12, nusu wasichana, wawekwe wawili wawili mahali sita kwa mwaka mzima. Wapewe viatu, glovu, miwani na chakula cha mchana. Mkataba wa ukurasa mmoja useme nani anatibu. Wabadilishwe kazi kila miezi miwili, wasigeuzwe kuwa wafanyakazi wa bure. Fundi anayewafundisha aongezewe posho, hata kama ni ndogo, maana kufundisha ni kazi. Kijitabu kitiwe sahihi kila Jumamosi, na cheti kiandikwe Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza katika karatasi moja, kitolewe siku ya mwisho, siyo majuma matano baadaye.

Mwenyekiti ameniambia jambo hili litajadiliwa katika mkutano ujao wa kamati na mashirika. Wazazi, mkutano huo hufanyika wazi na viti vipo. Kijitabu changu, pamoja na tafsiri yake, nimekiacha kwa katibu. Anayetaka kukiona akiombe, asitoke nacho. Na wanavikundi wa sabuni, kesho saa tatu nitakuwa kwenye kibanda cha kanda ya pili na mizani. Njooni na kostiki yenu tuipime.